Mganga Hajigangi: Somo la Mazoezi na Afya ya Watumishi wa Vituo Vyetu



Kwa kawaida ukurasa huu humshauri mwananchi. Somo la toleo hili linamhusu mshauri mwenyewe: muuguzi, mkunga, tabibu, daktari, mtaalamu wa maabara, mfamasia, mtunza kumbukumbu na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Tutatazama kwa nini watu wanaofundisha mazoezi na ulaji bora hushindwa kuyatenda, hasara inayoifika huduma kwa sababu hiyo, na wajibu wetu sisi wakazi. Mwishoni yamo maswali ya kujipima, yanayoweza kujadiliwa nyumbani, katika kikundi au kwenye kikao cha kamati ya zahanati.

Swali la mzee

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika kliniki ya shinikizo la damu, nilimhudumia mzee mmoja mwenye duka la rejareja. Baada ya kumpima nilimweleza kama nilivyowaeleza wote: apunguze chumvi, aache sigara, na atembee kwa mwendo wa haraka angalau nusu saa kila siku. Alinisikiliza kwa utulivu mpaka mwisho, kisha akauliza, “Mwanangu, nawe hutembea?”

“Kazi ni nyingi, mzee wangu,” nilimjibu.

“Hata mimi, duka halina mtu mwingine,” akasema. Akachukua kofia yake, akaenda zake.

Jioni ile, wagonjwa walipokwisha, nilijifunga mashine ileile mkononi. Ilisoma 152 kwa 96. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu wengi kwamba kipimo kikifika 140 kwa 90 na kubaki hapo kila kikirudiwa, hilo ni shinikizo la juu la damu. Nilirudia siku nyingine, na nyingine tena, hakikushuka. Mamia ya mikono ilikuwa imepita mbele yangu, na sikuwahi kuupima wangu.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Wengi huitumia methali hiyo kwa kejeli, kana kwamba inamcheka mganga. Lakini ina maana ya pili, nayo ndiyo nguzo ya somo hili: mganga naye huhitaji mtu wa kumganga. Afya ya mtumishi wa kituo haiwezi kuachwa iwe mzigo wake peke yake.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Magonjwa yasiyoambukiza, yaani magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, saratani, kisukari, magonjwa sugu ya njia ya hewa na mengineyo, husababisha takriban vifo 3 kati ya kila 4 duniani. Katika nchi yetu, uchunguzi wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulionesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 4 alikuwa na shinikizo la juu la damu, na idadi inayokaribiana na hiyo ilikuwa na uzito uliozidi. Watu 9 hivi katika kila 100 walikuwa na kisukari.

Taifa halikukaa kimya. Desemba 2016 ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na wananchi wakahimizwa kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa ajili hiyo. Mwaka 2019 ukazinduliwa Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza. Mwenye kuutekeleza mpango huo katika kata ni mtumishi wa zahanati na kituo cha afya. Naye ametoka katika jamii hiihii, anakula vyakula hivihivi, na juu ya hayo anabeba zamu na uchovu usiowapata watu wengi.

Hapa ndipo huduma inapoguswa. Zahanati nyingi za vijijini huendeshwa na watumishi wachache. Mmoja akipata kiharusi au maumivu ya mgongo yasiyomruhusu kuinama, kliniki ya watoto inasimama, au mama mjamzito anaambiwa arudi kesho. Aidha, tafiti za nchi mbalimbali zimeonesha kwamba daktari anayefanya mazoezi mwenyewe huwashauri wagonjwa wake kuhusu mazoezi mara nyingi zaidi kuliko asiyefanya. Kwa hiyo afya ya mtumishi ni sehemu ya huduma kama zilivyo dawa na vitanda.

Kwa nini mwenye elimu hushindwa?

Elimu ya afya haikosekani kwa watumishi hawa. Kinachowashinda ni mpangilio wa siku yao, na vikwazo vikubwa ni vinne.

Cha kwanza ni zamu. Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani inayofuata mwanga na giza. Anayefanya kazi usiku hula wakati tumbo limejiandaa kupumzika, na hulala wakati jua na kelele za mtaa vinamwamsha. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, kwanza mwaka 2007, kisha mwaka 2019 ukauthibitisha uamuzi huo. Haina maana kwamba kila afanyaye kazi usiku ataugua. Maana yake ni kwamba ratiba ya zamu ni jambo la afya, na haifai kupangwa kiholela.

Cha pili ni chakula. Foleni ikiwa ndefu, chai ya asubuhi huwa maandazi mawili yanayoliwa kwa haraka, na chakula cha mchana husogea hadi alasiri. Kinachopatikana karibu na geti ni chipsi, vitumbua na soda. Chupa moja ya soda yenye mililita 300 huwa na sukari inayokaribia vijiko 8 vya chai.

Cha tatu ni uchovu wa moyo. Aliyempoteza mgonjwa usiku, kisha akawapokea wengine 60 asubuhi, hafiki nyumbani na hamu ya kukimbia. Hufika na hamu ya kuketi.

Cha nne, ambacho hakitajwi sana, ni macho ya watu. Muuguzi anayepita barabarani jioni na raba miguuni huitwa kando: “Dada, mwanangu anakohoa, njoo umwone.” Mwingine huchekwa kwamba anataka kukonda, au husemwa kwamba ana nafasi ya kucheza ilhali wagonjwa ni wengi. Baada ya wiki mbili za maneno hayo, raba zinarudi uvunguni.

Je, kazi yenyewe si mazoezi?

Watumishi wengi husema, “Nashinda nimesimama, hayo si mazoezi?” Swali hilo ni la haki, na jibu lake linahitaji hadithi fupi ya sayansi.

Mwaka 1953 daktari Mwingereza aitwaye Jeremy Morris pamoja na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jijini London. Waliwalinganisha madereva, ambao huketi karibu muda wote wa zamu, na makondakta, ambao walipanda na kushuka ngazi za basi siku nzima wakikata tiketi. Ugonjwa wa mishipa ya moyo uliwapata makondakta kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Utafiti huo ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuonesha kwa takwimu kwamba mwendo wa mwili huulinda moyo. Morris mwenyewe aliufuata ushauri wake: aliendelea kutembea na kuogelea hata uzeeni, akafariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

Sasa tuingie katika kituo chetu. Mtunza kumbukumbu, mfamasia na daktari wa chumba cha ushauri wako katika hali ya dereva: wameketi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, aendaye nyumba kwa nyumba kwa miguu, yu karibu zaidi na kondakta. Muuguzi wa wodi yupo katikati. Husimama muda mrefu, huinama, humwinua mgonjwa, hupiga hatua fupifupi na kusimama tena. Kazi ya namna hiyo huchosha misuli na kuumiza mgongo, lakini mara nyingi haiupi moyo muda wa kutosha wa kwenda mbio kiasi na kisha kupumzika. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonesha kwamba kunyanyua na kusimama kwa saa nyingi kazini hakuleti faida ileile inayoletwa na mazoezi ya hiari. Basi muuguzi aliyechoka anaweza kuwa bado hajafanya mazoezi.

Faida yenyewe hutoka wapi? Misuli inapofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu, hata pale ambapo insulini haifanyi kazi vizuri. Moyo uliozoea mazoezi husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na mishipa hulegea. Shinikizo hushuka, usingizi huja kwa urahisi, na huzuni hupungua.

Kipimo kinachotosha

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi kwa wiki. Unamtaka pia apunguze muda wa kuketi.

Utajuaje kwamba mazoezi ni ya kiasi? Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, uko mahali pake. Ukishindwa kumaliza sentensi, umeingia katika mazoezi makali.

Zamani ilishauriwa kwamba kila zoezi lidumu angalau dakika 10 mfululizo ili lihesabiwe. Mwongozo wa 2020 uliliondoa sharti hilo: kila mwendo una hesabu yake. Hii ni habari njema kwa mwenye zamu. Anayetembea dakika 15 kwenda kazini na dakika 15 kurudi, kwa siku 5, amekwisha kutimiza dakika 150. Anayepanda bodaboda anaweza kushukia mbali kidogo na kituo na kumalizia njia kwa miguu. Haba na haba hujaza kibaba.

Mpango wa wiki kwa mwenye zamu

Zamu ya asubuhi: tembea kwenda na kurudi. Katikati ya kazi, kila baada ya saa moja ya kuketi, inuka dakika mbili. Ita mgonjwa mlangoni wewe mwenyewe badala ya kumwita kwa sauti ukiwa kitini.

Zamu ya jioni: fanya mazoezi asubuhi kabla jua halijawa kali. Ukiyaahirisha hadi utakaporudi usiku, hayatafanyika.

Zamu ya usiku: ukirudi asubuhi, lala kwanza katika chumba chenye giza na utulivu. Tembea dakika 20 hadi 30 alasiri, kabla ya kujiandaa kwenda kazini. Kahawa na chai kali zinywewe mwanzoni mwa zamu, maana zikinywewe alfajiri huufukuza usingizi wa asubuhi.

Siku ya mapumziko: chagua kinachokufurahisha, kama netiboli, mpira wa miguu, baiskeli, ngoma au jembe la bustani. Kinachofurahisha ndicho kinachodumu.

Misuli, mara mbili kwa wiki: keti na kuinuka kwenye kiti mara 10 bila kujishika, sukuma ukuta kwa mikono miwili mara 10, simama ukiinua visigino mara 10. Pumzika, kisha rudia mizunguko miwili zaidi. Mazoezi haya huwafaa sana wanaoinua wagonjwa, kwa kuwa paja lenye nguvu hupunguza mzigo wa mgongo.

Sahani, chupa ya maji na usingizi

Mazoezi peke yake hayashindi sahani mbaya. Chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, tukihesabu iliyomo kwenye mchuzi, mkate na vyakula vya pakiti. Mboga na matunda kwa siku yafike gramu 400. Kiasi hicho si cha kitajiri: fungu la mchicha au matembele, kipande cha papai na ndizi mbili hukikaribia. Asubuhi, viazi vitamu au magimbi ya kuchemsha hushibisha kwa muda mrefu kuliko maandazi, na ugali wa dona hubaki na viini lishe ambavyo sembe imevipoteza kinuni. Chupa ya maji iwe karibu na meza. Usingizi wa mtu mzima usipungue saa 7 kwa siku, na anayelala mchana asionekane mvivu. Tumbaku iachwe kabisa, na pombe isifanywe dawa ya uchovu.

Wajibu wa mkazi na wa kamati

Sasa tunafika kwenye maana ya pili ya methali. Ni nani atakayemganga mganga?

Wa kwanza ni mganga mfawidhi. Anaweza kutangaza ratiba ya zamu mapema, asimpange mtu mmoja usiku mfululizo bila mapumziko ya kutosha, na kuhakikisha watumishi wanapeana nafasi ya kula. Anaweza pia kuweka siku moja kila baada ya miezi mitatu ambayo watumishi wote wanapimana shinikizo, sukari na uzito, na majibu yakabaki siri ya kila mmoja.

Wa pili ni kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo ndani yake wamo wawakilishi wetu wananchi. Ajenda ya afya ya watumishi haina gharama kubwa. Je, lipo pipa la maji safi ya kunywa? Kipo kiti cha kupumzikia muuguzi wa usiku? Mama lishe wa getini anaweza kuombwa auze matunda na viazi pamoja na vitumbua?

Wa tatu ni mimi na wewe. Tuwahi kliniki, tusirundikane saa ya mwisho, ili wanaotuhudumia wapate dakika za kula. Tukimwona muuguzi anatembea jioni, tumwamkie na kumwacha apite. Ugonjwa usio wa dharura usubiri kesho, na ulio wa dharura upelekwe kituoni alipo mwenye zamu. Bora zaidi, tutembee naye. Jumamosi ya pili ya mwezi inaweza kuwa siku ya kata nzima: watumishi, walimu, wakulima, mama lishe na vijana wa bodaboda wakianzia zahanati na kuishia uwanja wa shule. Hakuna atakayemcheka mtu mmoja pale watu 50 wanapotembea.

Tahadhari

Mwenye shinikizo la juu, kisukari au ugonjwa wa moyo aonane kwanza na mtaalamu kabla ya kuanza mazoezi makali. Anayeanza aanze polepole, dakika 10 kwa siku, aongeze kidogo kila wiki. Mama mjamzito asiye na tatizo la kiafya anaweza na anafaa kutembea, kwa ushauri wa mkunga wake. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni ishara ya kusimama mara moja na kwenda kituoni. Na aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu ameanza mazoezi.

Nami sikuziacha. Shinikizo langu lilishuka kwa dawa, kwa chumvi kidogo, na kwa miguu yangu mwenyewe. Siwezi kusema ni kipi kilichofanya kazi kubwa zaidi. Wiki chache baada ya swali la mzee nilianza kwenda kazini kwa miguu. Asubuhi moja nilimkuta mbele ya duka lake, akifungua kufuli.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Leo pikipiki imeharibika?”

“Hapana, mzee wangu. Natembea.”

Alinitazama kidogo, akamwita mjukuu wake akae dukani, akaenda nami hadi kwenye kona ya mtaa. Tangu siku hiyo, akija kliniki, nikimwambia atembee hauliza tena. Huuliza saa ngapi nitapita.

Maswali ya kujipima

1. Wiki iliyopita ulitembea, au ulifanya mazoezi mengine ya kiasi, kwa dakika ngapi? Zilifika 150?

2. Eleza tofauti kati ya kuchoka kwa kazi na kufanya mazoezi, ukitumia mfano wa dereva na kondakta.

3. Ni lini mara ya mwisho ulipima shinikizo la damu? Ikiwa imezidi mwaka mmoja, panga siku ya kupima.

4. Zahanati iliyo karibu nawe ina watumishi wangapi? Mmoja akiugua kwa mwezi mzima, ni huduma gani itakayosimama?

5. Taja jambo moja ambalo mtaa wako unaweza kulifanya mwezi huu ili mtumishi wa afya apate nafasi ya kufanya mazoezi. Lipeleke kwa mjumbe wa kamati ya kituo, au lisemee katika mkutano ujao.